Kutoka Kanja hadi Meru: Maili za Mlimani na Maili za Angani

Wako watu wengi upande huu wa mlima ambao, ukiwauliza Meru ni mbali kadiri gani, hukujibu kwa saa wala si kwa maili. "Ukipata gari la asubuhi, saa tano utakuwa umefika," ndivyo wasemavyo, kisha huongeza, "mvua isiponyesha." Mgeni huliona jibu hili kuwa la mtu asiyejua hesabu. Mimi naliona kuwa jibu la mtu aliyekwisha kuisafiri njia yenyewe. Nataka leo kumwonyesha msomaji sababu, kwanza kwa barabara zetu wenyewe, kisha kwa njia za ndege zinazounganisha miji ya Ulaya, kwa maana mambo hayo mawili yanahusiana kuliko wengi wetu tudhaniavyo, na mkulima anayeuza mazao yake ng'ambo hulipa gharama ya yote mawili.

Kanja ni soko dogo katika nchi ya Embu, si mbali na Runyenjes, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya. Juu yake mashamba ya chai hupanda mpaka yakakutana na msitu. Chini yake kuna kahawa, migomba, mahindi na maharagwe. Na mtu akizidi kushuka hata nchi ya joto ya Mbeere, huikuta mimea ya muguka. Asubuhi kusipokuwa na mawingu kilele cha mlima huonekana wazi, nacho kina kimo cha mita 5,199. Mlima huu ndio unaotupa mvua na udongo mwekundu, nao ndio unaotunyima barabara zilizonyoka.

Maji yanayotoka mlimani hushuka kila upande kama spoki za gurudumu la baiskeli, na kwa upande wetu mito karibu yote huishia katika mto Tana. Iko Rupingazi upitao karibu na mji wa Embu, uko Ena, uko Thuci, na mbele zaidi Nithi, Mutonga na Kathita. Kila mmoja umejichimbia bonde lake kwa maelfu ya miaka, na katikati ya mto na mto umebaki mgongo mrefu wa ardhi ambao ndipo watu walipojenga na kulima. Mtu anayeteremka na mgongo mmoja kutoka msituni mpaka barabara kuu hana taabu kubwa. Lakini akitaka kumwamkia shemeji yake aliye ng'ambo ya bonde, ambaye moshi wa jiko lake auona na mbwa wake amsikia akibweka, itambidi ashuke mpaka mtoni na kupanda tena, au azunguke mbali kutafuta daraja. Kwa sauti ni jirani. Kwa miguu ni safari.

Basi na tuchukue ramani ya Kenya tupime. Mji wa Embu uko karibu dakika 32 kusini ya Ikweta, na mji wa Meru uko dakika 3 kaskazini yake. Dakika hizo si zile za saa ya mkononi. Wachora ramani waliigawa duara ya dunia katika digrii 360, na kila digrii wakaigawa katika dakika 60, na dakika moja ya namna hiyo juu ya uso wa dunia ndiyo iitwayo maili moja ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Manahodha wa meli walikitumia kipimo hicho zamani sana, na marubani wa ndege wakakirithi kwao, wakitumia mpaka leo. Kutoka Embu hadi Meru, basi, kwa kwenda kaskazini, ni dakika 35, yaani kilometa 65 hivi. Na kwa kuwa Meru uko mashariki kidogo, mstari ulionyoka kati ya miji hiyo miwili hufika karibu kilometa 70. Barabara ya lami inayozunguka mlima kati ya miji hiyo hiyo hupita kilometa 100. Tofauti hiyo yote ni kazi ya mito.

Ndege kubwa ya abiria ikiwa imekwisha kufika juu angani huenda kiasi cha kilometa 850 au 900 kwa saa, ambazo ni kama kilometa 15 kwa kila dakika moja. Kwa mwendo huo Embu na Meru ni dakika tano. Mtu hawezi kumaliza kikombe cha chai ya moto.

Mimi niliisafiri njia hiyo kwa matatu mwezi wa Aprili, wakati mvua ndefu zimekolea. Tulipanda Kanja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwa muda wa dakika arobaini hatukusogea hata hatua moja, kwa kuwa gari lilikuwa halijajaa. Jambo hilo nalitaja mapema kwa sababu litarudi tutakapofika kwenye viwanja vya ndege. Hatimaye makanga aliridhika, tukashuka mpaka Runyenjes, na hapo tukabadili gari tukapanda lile la kwenda Meru, nalo pia likatungojesha.

Karibu nami aliketi kijana mmoja, karani wa kampuni inayonunua mishiri, yaani yale maharagwe mabichi membamba yanayouzwa Ulaya. Mbele yetu aliketi mzee mkulima ambaye mgongo wa shamba lake uko juu ya Kanja. Mzee alipotambua kazi ya yule kijana, aligeuka akamtazama kwa muda, kisha akasema:

"Kijana wangu, nasikia mishiri yetu huliwa London siku ya pili tu baada ya kuchumwa. Je, ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Ikichumwa leo alfajiri, ikafika Nairobi alasiri, huruka usiku, na kesho asubuhi iko London."

"Basi London ni karibu zaidi kuliko barabara ya lami na shamba langu," akasema mzee, na abiria wote wakacheka.

Lakini mzee mwenyewe hakucheka sana. Alitueleza kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amechuma kilo 60 pamoja na mkewe na wajukuu wawili, wakaanza kabla ya jua kutoka. Usiku ule mvua ilikuwa imeigeuza njia ya kwao kuwa uji. Bodaboda iliyozoea kubeba mzigo ilikwama, ikabidi magunia yateremshwe na punda, na alipofika mahali pa kupimia, lori lenye baridi lilikuwa limekwisha kuondoka. Lililofuata lilikuja jioni. Wapokeaji wakaiona mishiri imenyauka, wakaikataa yote. Ng'ombe wake, alisema, alikula siku hiyo chakula cha Wazungu.

Karani aliona haya, kwa maana haikuwa kampuni yake lakini ilikuwa kazi yake. Akachukua kipande cha karatasi akamwandikia mzee hesabu ambayo naona yafaa kila mkulima aijue. Hesabu hiyo haianzii shambani. Huanzia kwenye ndege na kurudi nyuma. Tuseme ndege ya mizigo yaondoka Nairobi saa tano usiku. Shehena lazima iwe uwanjani saa kadhaa kabla ya hapo, kwa kuwa wakaguzi wa KEPHIS, wale wanaochunguza afya ya mimea, lazima waitazame wasikute mdudu, na wapakiaji wapange mizigo. Kabla ya hapo mishiri lazima ipoe kabisa, ichaguliwe na kufungwa, na kazi hiyo ni ya saa nyingine kadhaa. Kabla ya hapo lori litoke Embu mpaka Nairobi na kupenya msongamano wa magari. Ukizitoa saa hizo zote moja baada ya moja, unakuta kwamba mkulima wa Kanja lazima awe amefikisha mzigo wake barabarani kama saa nne asubuhi, la sivyo ndege imempita, ijapokuwa bado imelala Nairobi na itakaa huko saa 13 nyingine.

"Kwa hiyo nilichelewa ndege nikiwa shambani kwangu," akasema mzee.

"Ndivyo, mzee."

Majani ya chai na kahawa mbivu navyo havipendi kungoja. Chai lazima ifike kiwandani siku ile ile iliyochumwa, na kahawa lazima imenywe siku ile ile. Lakini vikishapita hapo vinakuwa vitu vikavu vyenye subira. Chai ya viwanda vyetu, kama Rukuriri na Mungania, huenda mnadani Mombasa kwa lori na kuvuka bahari kwa meli, na wiki moja zaidi baharini haimdhuru mtu. Mishiri, maua na miraa havina subira hiyo toka shambani mpaka mlajini, ndiyo sababu vikapanda ndege.

Wakati huo tulikuwa tumefika Thuci, mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi. Gari lilishuka likipinda, likavuka daraja, likaanza kupanda likilia. Mto wenyewe si mpana, mtoto aweza kuurushia jiwe likafika ng'ambo. Bonde ndilo pana. Nilitazama saa yangu tangu tulipoanza kuteremka mpaka tuliporudi kwenye kimo kile kile upande wa pili, nikaona kwamba sehemu kubwa ya muda wa safari hii huliwa kwa namna hiyo: kushuka polepole kwa kuogopa, na kupanda polepole kwa kulemewa. Tukapita Chuka, tukafika Nithi.

Daraja la Nithi linajulikana Kenya nzima, na si kwa wema. Barabara huteremka kwa kasi na kupinda kabla ya daraja, na gari zito ambalo breki zake zimechoka halina pa kwenda ila bondeni. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliruka ukingo likatumbukia humo, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Gari letu lilipokaribia, mazungumzo yalikoma yenyewe. Hakuna aliyeagiza. Tulipokwisha kuvuka na kupanda, mama mmoja nyuma akashusha pumzi, na watu wakaendelea na maneno yao pale walipoyaachia.

Hapo yule karani akatoa simu yake akatuonyesha ratiba ya ndege za Ulaya, na hasa miji miwili ambayo mlima wetu unafanya nayo biashara, Amsterdam na London. Maua yanayolimwa Timau, upande wa kaskazini wa mlima katika nchi ya Meru, mengi huruka mpaka Amsterdam, ambako karibu na uwanja wa ndege, mahali paitwapo Aalsmeer, pana mnada mkubwa wa maua. Mishiri yetu nyingi huenda London. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni karibu kilometa 6,700, na hadi London karibu 6,800. Na safari ya mji wowote kati ya hiyo ni ya saa nane na nusu au tisa hivi.

Miji hiyo miwili yenyewe imeachana kwa kilometa 370 hivi, ambazo ni kama mara tano ya mstari wa Embu na Meru. Ndege ya kwanza ya shirika la KLM la Uholanzi iliruka kati ya miji hiyo tarehe 17 Mei 1920, ikitoka London kwenda Amsterdam. Leo ratiba huandika saa moja na dakika 20. Karani akamwonyesha mzee jambo la ajabu: ndege inayoondoka Amsterdam saa nne kamili asubuhi yaandikwa kwamba itafika London saa nne na dakika 20.

"Dakika ishirini!" akasema mzee.

"La, mzee, saa za London ziko nyuma ya saa za Amsterdam kwa saa moja. Tazama ya kurudi: yaondoka London saa nne, yafika Amsterdam saa sita na dakika 20."

Mzee akafikiri, akasema kwamba hata hapa kuna watu ambao saa zao ziko nyuma namna hiyo, na akamtaja kwa cheo, si kwa jina, mtu mmoja wa kijijini kwao ambaye sitamwandika.

Lakini hata hiyo saa moja na dakika 20 yastahili kuchunguzwa. Kilometa 370 kwa kilometa 15 kila dakika zingekuwa dakika 25. Saa yote iliyobaki imekwenda wapi? Nyingine hutumika ndege inapopanda, maana huwa haijapata mwendo wake. Nyingine inaposhuka, maana huanza kupunguza mwendo mapema na mara nyingi huzungushwa hewani ikingoja zamu, kwa kuwa viwanja hivyo vyote viwili vina ndege nyingi kuliko nafasi. Nyingine hutumika ardhini. Uwanja wa Amsterdam, uitwao Schiphol, una njia moja ya kurukia iliyofunguliwa mwaka 2003, nayo iko mbali sana na majengo hata ndege huendeshwa chini kama basi kwa dakika 10 au zaidi kabla ya abiria kushuka. Mkulima wa Kanja angependa kuuona uwanja huo kwa sababu nyingine pia. Umejengwa mahali palipokuwa ziwa, ambalo Waholanzi walilikausha mwaka 1852 kwa mashine za mvuke, na mpaka leo uwanja uko chini ya usawa wa bahari kwa mita tatu hivi. Nchi nzima pale imelala kama meza. Hakuna Thuci, hakuna Nithi.

Tena abiria mwenyewe lazima atoke mjini mpaka uwanjani, afike saa mbili kabla, asimame foleni apekuliwe, angoje. Na akishuka angoje sanduku lake, kisha atafute gari la kumfikisha mjini. Ukijumlisha yote, safari ya dakika 25 za angani imekuwa ya saa nne au tano. Ndiyo sababu tangu Aprili 2018, lilipoanzishwa gari moshi la moja kwa moja kutoka London hadi Amsterdam, lipitalo chini ya bahari katika handaki lililofunguliwa mwaka 1994, watu wengi hulipanda ijapokuwa huchukua karibu saa nne. Huondoka katikati ya mji na kufika katikati ya mji. Wazungu nao, basi, wakiulizwa ni mbali kadiri gani, hujibu kwa saa kama watu wa Kanja, tena wakihesabu na muda wa kungoja gari lijae.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani anga yenyewe ilikuwa ndefu. Shirika la Imperial Airways lilipoanza kuleta barua Afrika ya Mashariki, safari ya kwanza ikitoka London tarehe 28 Februari 1931 na kuishia Mwanza, ilikuwa safari ya siku nyingi, ndege ikitua kila baada ya mwendo mfupi ili itiwe mafuta. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria, na hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kuchukua abiria kwa nauli. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kabla ya saa 24 kwisha. Watu wa Uganda, basi, waliiona jeti ya abiria kabla ya watu wa miji mingi mikubwa ya dunia. Comet hizo za kwanza zilisimamishwa mwaka 1954 baada ya kuvunjika hewani na kuua watu, na jeti zilizofuata zilijengwa kwa uangalifu zaidi.

Nairobi ilipata uwanja wa jeti mwaka 1958, pale Embakasi. Nilipolitaja jambo hili garini, mzee alinitazama akasema, "Mwalimu, huo uwanja waujua nani aliuchimba?" Nilijua, na msomaji naye yafaa ajue. Ulichimbwa kwa mikono ya wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na wengi wa waliofungwa wakati ule walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mzee alisema ndugu mkubwa wa baba yake alikuwa mmoja wao, na kwamba alirudi nyumbani na mgongo ulioharibika wala hakupanda ndege hata siku moja. Hakueleza zaidi, nasi hatukumwuliza.

Njia kuu ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilometa nne, na urefu huo una sababu. Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi, na ndege hubebwa na hewa. Kwa hiyo ndege iliyojaa mizigo hukimbia mbali sana kabla ya kuinuka. Usiku hewa hupoa, ikawa nzito kidogo, na ndege ile ile yaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Hilo ni jambo moja katika yale yanayofanya ndege nyingi za Ulaya ziondoke Nairobi usiku, na kwa hilo mishiri iliyochumwa alfajiri yaweza kuwahi.

Tulipita Mutonga, tukapita Igoji na Nkubu, nchi ikazidi kuwa ya migomba na nyumba za mawe, na kabla ya kuingia mji wa Meru tukavuka Ikweta. Karani, aliyekuwa bado na simu mkononi, akatuambia kwamba kwa dakika za wachora ramani zimebaki tatu tu. Kwa dakika za saa zilibaki nyingi zaidi, kwa kuwa palikuwa na msongamano.

Mjini Meru mtu hawezi kuzungumza habari za ndege bila kutaja miraa. Miaka mingi miraa ya nchi ya Igembe, upande wa Maua, ilisafiri usiku na mchana kufika London na Amsterdam ikiwa bado na unyevu, kwa maana ikikauka haina bei. Kisha Uholanzi ikaipiga marufuku mwanzo wa mwaka 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014. Katika muda ule wa kati, wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, kifurushi kimoja cha miraa kilikuwa bidhaa halali London na kosa la jinai Amsterdam, na kati ya miji hiyo, kama tulivyoona, ni dakika 25 za angani. Baada ya hapo milango yote miwili ikafungwa. Sisemi hapa kama sheria hizo zilikuwa njema au mbaya. Madaktari wana maneno yao na wakulima wana yao. Nasema kwamba kwa mkulima wa Maua, London ilihama siku moja ikaenda mahali pasipofikika, ijapokuwa ramani haikubadilika hata kidogo.

Likabaki soko la Somalia. Kutoka Nairobi hadi Mogadishu ni kilometa 1,000 hivi, na huko nako ndege za miraa zilizuiwa tangu Machi 2020 mpaka Julai 2022. Miraa hiyo lazima kwanza ishuke kwa barabara mpaka Nairobi, upande wa kusini, ndipo iruke kurudi mashariki. Wameru walipewa tumaini kwamba mzunguko huo utakwisha uwanja wa ndege wa Isiolo ulipofunguliwa mwaka 2017, katika mpaka wa Isiolo na Meru, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Uwanja ni mzuri na majengo yake ni mapya. Lakini njia ya kurukia ilijengwa kwa urefu wa kilometa 1.4, na ndege kubwa ya mizigo iliyojaa, katika kimo kile na joto lile, haiwezi kuinuka hapo. Mzee, aliyesikia mara ya kwanza sababu ya Nairobi kuwa na zaidi ya kilometa nne, alizilinganisha hesabu hizo mbili mwenyewe bila kusaidiwa.

Tulishuka Meru saa tano na nusu. Tangu tulipoketi garini Kanja zilikuwa saa tano kamili, na karani alikisia kwamba saa moja na robo kati ya hizo gari lilikuwa limesimama. Mzee alikuwa amekuja kuonana na mtu mwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya kuuza, akidhani kwamba yaweza kuteremka njia yake hata siku ya matope, na kijana akamshauri aijaribu kwanza penye udongo mwekundu, asiridhike kuiona kwenye lami. Waliagana kwa heshima, kijana akiahidi kumpigia simu siku ambayo lori litachelewa au kuwahi.

Tukiwa tungali tumesimama hapo, pikapu mbili za miraa zilitupita zikitoka upande wa Maua, taa zikiwaka mchana kweupe, magunia yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Hazikugeuka kushika njia ya Isiolo. Zilishika barabara ile tuliyotoka, kwenda Nithi, Thuci na Embu, na zilikwenda mbio kuliko nilivyopenda kuona.